Mpaka Marigat na Timu ya Mkiani

Mpwa wangu ni kipa, na kipa wa timu inayofungwa kila wiki hakosi la kumsimulia mjomba wake. Jumamosi jioni simu ikilia nikiwa barazani Mombasa, habari yenyewe niliijua kabla ya salamu kwisha. Lililobaki ni idadi ya mabao na nani alaumiwe. Siku moja ya Julai akanikatiza nikiwa katikati ya kumshauri. "Mjomba, wewe unanihukumu kwa simu tu. Njoo utuone." Kwetu mtoto wa dada akisema njoo, mtu hatafuti udhuru. Nami huko bara sikuwahi kuvuka Nairobi.

Aliyempeleka kijana huyo wa Kisauni, Mombasa, hadi Kiamunyi, Nakuru, ni KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia vyuo waliomaliza kidato cha nne. Aliomba stashahada ya umeme, akajaza majina ya vyuo kadhaa, na kompyuta ikamtupa zaidi ya kilomita 600 kutoka kwao, kwenye chuo cha ufundi ambacho sitakitaja jina, maana timu yake imeshaaibika vya kutosha. Dada yangu alilia kwa ajili ya baridi. Mimi sikulia. Nakuru nilikuwa naijua kwa jambo moja tangu utotoni, nalo ni mpira. Ligi ya taifa ya Kenya ilipoanza mwaka 1963, bingwa wa kwanza alikuwa Nakuru AllStars. Mwaka 1965 ubingwa ukashuka kwetu Mombasa, kwa Feisal, na tangu hapo haujarudi Pwani. Mtoto wa Kisauni kwenda kudaka mipira Nakuru, nilidhani, ni kama kwenda chuoni mara mbili.

Gari moshi la Madaraka liliondoka Miritini saa mbili asubuhi. Tsavo imeshaandikwa na wengi, nami nililala. Nairobi nililala pia, kwa jamaa, na kesho yake nikapanda matatu ya Nakuru nikiwa na boksi la dada yangu mapajani: mahamri, achari ya embe, ubuyu, na haluwa iliyofungwa mara tatu isije ikavuja.

Macho yalinifumbuka baada ya Kimende. Barabara inapita ukingoni mwa bonde, na upande wa kushoto ardhi inakatika ghafla, chini kabisa mlima Longonot umekaa peke yake na mdomo wake wazi. Vijana wanauza kofia za ngozi ya kondoo kando ya njia. Nilinunua moja dereva aliposimama, abiria wakacheka, nami sikuwajali. Upepo wa pale haukuwa na adabu. Tukateremka hadi Naivasha. Jirani yangu, mwanamke aliyekuwa na vifaranga kwenye katoni yenye matundu, alinionyesha upande wa ziwa yaliko mashamba ya maua. Nikamwambia kwamba moja la mashamba hayo, Oserian, lilikuwa na timu iliyotwaa ubingwa wa Kenya mara mbili mfululizo, 2001 na 2002. Alinitazama kama mtu aliyetajiwa jina la marehemu asiyemjua, akarudi kwa vifaranga wake.

Gilgil tukaipita, ziwa Elementaita likang'aa kwa chumvi yake, na kabla ya alasiri tulikuwa Nakuru, mji uliopewa hadhi ya jiji Desemba 2021 na ambao steji yake ya matatu bado inaendeshwa kwa sauti za makanga. Nikaunganisha gari jingine la barabara ya Kabarak, nikashuka Olive Inn kama nilivyoagizwa.

Kiamunyi ni mahali panapojengwa. Kila penye shamba la mahindi pana nguzo za zege upande wa pili, na kila penye nguzo za zege mahindi yameachiwa upenyo. Julai mahindi yalikuwa yamenipita kimo. Kuna nyumba za vigae zenye malango ya chuma, za wahadhiri na wafanyakazi wa serikali waliostaafu. Kuna fleti za wanafunzi ambazo rangi yake imeishia ghorofa ya kwanza. Kuna bodaboda chini ya kila mti. Vumbi lake ni jepesi na la kijivu, vumbi la volkeno, linaingia mpaka kwenye soksi. Upande wa mashariki mgongo wa Menengai umelala mrefu, na ukiuona kutoka chini hutadhani kwamba nyuma yake kuna shimo la karibu kilomita 12 upana.

Mpwa wangu alikuwa amekonda na ameota ndevu. Alinibusu mkono, akalipokea boksi, na kabla hatujafika chumbani wenzake wanne walikuwa wametufuata kwa harufu ya mahamri.

Mwenye nyumba wao ni mzee wa zaidi ya miaka 80, mwenye fimbo na koti zito. Alipojua natoka Mombasa aliniita sebuleni kwake, mkewe akaleta chai ya maziwa, na neno lake la kwanza baada ya "karibu mgeni" lilikuwa, "Feisal." Tukakaa mpaka usiku. Yeye alikuwepo uwanjani Afraha enzi za AllStars, anakumbuka ubingwa wa 1963 na ule wa 1969, anakumbuka watu waliotembea kwa miguu kutoka mashamba ya walowezi ili waone mechi. Nikampa Feisal ya marehemu baba yangu, naye akanipa AllStars yake, tukalipana sawasawa. Kisha akakunja uso. AllStars walirudi ligi kuu mwaka 2015, akasema, mji mzima ukafurahi, na mwaka huohuo wakashushwa.

"Na Ulinzi?" nikauliza. Ulinzi Stars, timu ya jeshi, walipafanya Afraha kuwa nyumbani kwao, na ubingwa wameuchukua mara nne: 2003, 2004, 2005 na 2010.

"Wale ni askari," mzee akasema. "Askari ana mshahara, na kesho yupo. Hawa watoto wako kesho hawapo."

Niliyachukulia maneno hayo kuwa ni uzee. Asubuhi yake nikaelewa alichokuwa akiniambia.

Basi la chuo la kutupeleka Marigat kwenye mechi lilipaswa kuondoka saa moja. Saa moja na nusu kocha alikuwa bado amesimama mlangoni na karatasi mkononi. Kocha ni mwalimu wa uchomeleaji. Mpira ni kazi anayoifanya kwa mapenzi na kwa kupoteza Jumamosi zake. Nilidhani anachagua kikosi. La hasha, alikuwa anahesabu watu. Mshambuliaji wake wa kati alikuwa Kisii kwa atachimenti, ile miezi mitatu ya kufanya kazi viwandani ambayo bila hiyo hakuna stashahada. Beki wa kulia alikuwa kwao, amerudishwa kwa karo. Viungo wawili walikuwa na mtihani ambao mwalimu wao alikataa kuusogeza. Winga wa kushoto, aliyefunga mabao mengi muhula uliopita, alikuwa amehitimu. Sasa anafunga nyaya kwenye nyumba za watu hapohapo Kiamunyi, na alikuja kutuaga akiwa juu ya bodaboda na ngazi begani.

Tukaondoka tukiwa na wachezaji kumi na watatu, kocha, dereva, mimi, na msichana wa masomo ya maabara aliyebeba boksi la huduma ya kwanza. Jezi walikuwa wameazima kwa timu ya voliboli, kwa hiyo namba ziliishia kumi na mbili. Wa kumi na tatu alivaa jezi ya Arsenal nje-ndani.

Hapa ndipo nilipoanza kuudhika, na sitaki kuficha. Tumezoea kusema timu inafungwa kwa sababu beki ni mzito, kipa ana mikono ya siagi, kocha hajui mfumo. Timu ya mtaani ikifungwa, sababu huenda ni hizo. Timu ya chuo inafungwa ofisini. Anayepanga ratiba ya mitihani, anayepanga tarehe za atachimenti, anayeshika daftari la karo, hao watatu wana nguvu juu ya matokeo kuliko mtu yeyote mwenye njumu miguuni. Kijana anaingia mwaka wa kwanza hajui kupanga ukuta. Anajifunza mwaka wa pili. Mwaka wa tatu, amekuwa mchezaji hasa, anapewa cheti na anaondoka. Kocha anaanza upya na wageni kila Septemba. Hakuna klabu duniani ambayo ingekubali kuuza nusu ya kikosi bure kila mwaka, halafu ilaumiwe kwa kukaa mkiani.

Nikayasema haya kwa sauti tulipokuwa tunapita Kabarak, penye chuo kikuu alichokiasisi Rais Moi na nyumbani alikozikwa Februari 2020. Kiungo mmoja, kijana wa Bomet mwenye simu isiyotoka mkononi, akaniambia, "Mzee, hata Marekani iko hivyo." Akanisomea habari za chuo cha Prairie View A&M, huko Texas. Ni mpira wao ule wa kubebwa mkononi, wenye kofia za chuma, lakini kufungwa ni kufungwa. Chuo hicho kilipoteza mechi 80 mfululizo. Kilianza kupoteza mwaka 1989, na hakikushinda tena mpaka Septemba 26, 1998, kilipoifunga Langston 14 kwa 12. Nilimwomba anisomee na chanzo. Hesabu za idara ya michezo zilivurugika, msimu wa 1990 ukafutwa, na timu iliporudi, wachezaji wake hawakuwa na ufadhili wa masomo ambao wapinzani walikuwa nao. Basi. Ofisini tena.

"Themanini!" kipa wetu akasema kutoka nyuma. "Kumbe sisi hatujaanza." Basi zima likacheka, na nadhani kocha ndiye aliyecheka zaidi.

Baada ya Kampi ya Moto nchi inaanza kushuka na joto linaanza kupanda. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari. Marigat, kilomita kama 100 mbele, iko mita elfu moja na ushei tu. Unaisikia tofauti hiyo masikioni kwanza, kisha kwenye shati. Mogotio dereva alisimama penye alama ya mstari wa ikweta. Kila mgeni lazima apige picha hapo, wakaniambia, nami nikapigwa mguu mmoja kusini na mmoja kaskazini, kofia ya kondoo mkononi sasa, maana kichwani ilikuwa haivaliki tena. Pande zote mbili ni mashamba ya mkonge, mistari iliyonyooka mpaka macho yachoke. Nilijisikia nyumbani kwa mara ya kwanza tangu Mtito Andei: Kilifi nako ni mkonge hivihivi.

Mbele zaidi mkonge unakoma na migunga inaanza, vichuguu vyekundu virefu kuliko mtu, mbuzi barabarani wasiojua honi ni nini, na kina mama wenye asali kwenye chupa za soda. Asali ya Baringo nilikuwa nimeisikia. Kocha akanizuia: asali hununuliwa wakati wa kurudi, akasema, ukinunua wakati wa kwenda utaibeba kwa huzuni.

Uwanja wa wenyeji ulikuwa ardhi tupu ya kahawia, magoli ya mbao yasiyo na nyavu, na ukuta wa mathenge pande tatu. Mathenge ni mti wa miiba ulioletwa Baringo mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili uzuie jangwa na uwape watu kuni. Ulizuia, ukawapa, kisha ukakataa kusimama. Ukameza malisho na njia za maji, na maganda yake matamu yakawaozesha mbuzi meno. Wenyeji waliishtaki serikali, na mbuzi kibogoyo akapelekwa mahakamani kama ushahidi. Nilisimuliwa hayo na mzee wa pale tukisubiri mechi ianze, na nilidhani ananitania mgeni, mpaka mpira wa kwanza ulipotoka nje, ukagusa kichaka, ukarudi ukiwa umesinyaa. Ukaletwa wa pili. Wenyeji walikuwa na watatu. Wanajua wanakoishi.

Dakika kumi za mwanzo timu yetu ilicheza vizuri. Nasema kweli, si kwa sababu ya undugu. Kijana wa Bomet alikuwa anaupokea mpira, anageuka, anatoa pasi fupi kama mtu mwenye muda. Halafu joto likawakamata. Watu waliozoea baridi ya Kiamunyi walianza kusimama na mikono kiunoni, na wenyeji, waliokuwa wakisubiri hilo tu, wakaanza kukimbia. Bao la kwanza lilitokana na kona: mrefu wao akaruka peke yake, kwa kuwa aliyepaswa kumkaba alikuwa ni kiungo aliyepewa nafasi ya beki asubuhi ile kwenye basi. La pili lilimpita mpwa wangu katikati ya miguu. Hilo ni lake, na nilimwambia hivyo wakati wa mapumziko. "Najua, mjomba," akasema, akanipokonya chupa ya maji.

Kipindi cha pili vijana wetu walibaki kumi. Mmoja alibanwa na misuli, na wale wawili wa akiba walikuwa wameshaingia. Msichana wa maabara alimnyoosha mguu kando ya uwanja huku akipiga kelele nyingi za kuwapanga mabeki kuliko kocha mwenyewe, na kusema kweli alikuwa anaona vizuri zaidi. Bao la tatu likaingia. Mpwa wangu akaokoa penalti, akiruka upande wake wa kushoto chini kabisa. Wenyeji wenyewe wakampigia makofi, nami nikapiga kelele ambazo sikuzipiga tangu siku za uwanja wa Mombasa Municipal. Dakika mbili baadaye wakafunga la nne.

Kisha, refa akiwa ameshaanza kuitazama saa yake, yule mwenye jezi ya Arsenal nje-ndani alipiga mpira kutoka mbali, kwa uchovu nadhani, ili uende tu huko mbele. Ukadunda penye jiwe, ukampita kipa wao. Bao. Lilikuwa bao letu la kwanza ugenini msimu huo. Vijana wetu walishangilia mpaka refa akawafuata kuwaomba waurudishe mpira katikati. Walioshinda mabao manne walibaki wakiwatazama kwa mshangao, kama wageni kwenye harusi ya watu.

Kuna watu watakaosema kufungwa kunamjenga kijana. Mimi sikuona aliyejengwa na bao la nne. Niliona vijana waliochoka, wenye vumbi mpaka kwenye kope, waliokula wali na maharagwe ya wenyeji kwa shukrani na wakasaidia kuosha sahani. Waliupenda mpira tu; hawakuwa na sababu nyingine ya kupanda lile basi, na sioni kwa nini tuwabunie.

Tukasimama njiani, nikanunua asali chupa mbili, moja ya dada yangu na moja ya mwenye nyumba wa AllStars. Kocha alinunua kichwa cha mbuzi. Jua lilikuwa linazama nyuma ya milima ya Tugen na dirishani kulianza kuingia ubaridi tulipoikaribia Kabarak. Kofia ikarudi kichwani. Kocha akasimama katikati ya viti na karatasi yake ileile, akaanza kusoma ya wiki ijayo. Mechi ni nyumbani. Viungo wawili watakuwa wamemaliza mtihani, watakuwepo. Wa Bomet anaenda atachimenti Jumatatu, hatakuwepo mpaka Oktoba. Beki wa kulia inategemea kama babake ameuza ndama.

"Kipa?" akauliza, bila kuinua macho.

Mpwa wangu alinitazama mimi kwanza. Barua yake ya atachimenti, akasema, ilikuja Ijumaa. Ni Mombasa, bandarini, kuanzia mwezi ujao. Alikuwa hajamwambia hata mama yake.

"Kwa hiyo wiki ijayo upo."

"Wiki ijayo nipo, mwalimu."

Kocha akaandika. Kisha akauliza ndani ya basi ni nani mwingine amewahi kukaa golini, hata shule ya msingi, na mikono miwili ikainuka: wa kijana wa jezi ya Arsenal, na wa msichana wa maabara.

"Wewe ungekuwa mvulana ningekusajili leo," kocha akamwambia.

"Anzisha timu ya wasichana basi, mwalimu," akajibu. "Sisi tuko wengi, na karo tumelipa."